Kukuza pilipili ndani ya nyumba kwa taa, toka mbegu hadi kuvuna

Mpilipili unaokuzwa ndani mara nyingi hauuawi na kiu wala njaa. Unauawa na maji na mbolea ambavyo mwanga wake hautoshi kuvitumia. Mmea ulioko penye mwanga hafifu hunywa polepole. Udongo unabaki chepechepe, mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza, majani yanageuka njano, na mwenyewe akiona umanjano anaongeza mbolea. Ndiyo maana nashauri uanze na taa kabla hata ya kutafuta mbegu. Ukishajua una mwanga kiasi gani, utajua pia uweke mimea mingapi, kwenye vyungu vya ukubwa gani, na uilishe kwa nguvu gani.

Taa kwanza

Dirisha peke yake hukuza mche uliolala upande mmoja, wenye shina refu na jembamba. Taa ya LED nyeupe ya kawaida ya kukuzia mimea inatosha kabisa. Zile za rangi ya zambarau hazina faida ya ziada, tena zinakunyima kuona rangi halisi ya majani, na rangi hiyo ndiyo utakayoitegemea kugundua ugonjwa mapema.

Mwanga wa mimea hupimwa kwa mikromoli (kipimo cha wingi wa chembe za mwanga) zinazofika kwenye kila mita ya mraba kwa sekunde. Mche mchanga unataka 150 hadi 250. Mmea unaotanua matawi unataka 300 hadi 400. Wenye maua na matunda unataka 400 hadi 600. Kama huna kipimo maalumu, simu yenye programu ya kupima laksi (kipimo cha mwanga kadiri jicho linavyouona) itakusaidia: chini ya LED nyeupe, gawanya laksi kwa 70 upate makadirio ya mikromoli. Kwa hiyo laksi 28,000 ni kama mikromoli 400. Sensa za simu hutofautiana, lakini makadirio hayo ni bora kuliko jicho, ambalo huzoea mwanga hafifu na kuuona mkali.

Hesabu ya wati ni rahisi. Eneo la sentimita 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36. Ukitaka mikromoli 500 hapo, unahitaji jumla ya mikromoli 180 kwa sekunde (0.36 mara 500). Taa nzuri hutoa mikromoli 2.5 kwa kila wati, maana yake wati 72. Ongeza kidogo kwa mwanga unaopotelea kwenye kuta, utafika 85 hadi 100. Hizo ni wati zinazovutwa kwenye umeme kweli, si namba kubwa zinazoandikwa kwenye kasha ambazo mara nyingi hudai taa ni "sawa na" wati kadhaa za aina nyingine. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 16 hutumia uniti 1.6 za umeme kwa siku. Eneo hilo linabeba mimea miwili mikubwa, au minne ya aina fupi. Kubana sita humo ni kuikosesha yote mwanga.

Washa saa 16, zima saa 8, na kazi hiyo mwachie kiwashio chenye saa. Mpilipili hausubiri siku fupi wala ndefu ili utoe maua, kwa hiyo ratiba haibadiliki toka mche hadi mavuno. Kuwasha saa 24 hakukupi matunda zaidi.

Kumbuka kwamba karibu wati zote za taa huishia kuwa joto. Ndani ya kabati au hema lililofungwa, lazima hewa ya moto itolewe juu kwa feni na hewa mpya iingie chini. Feni nyingine ndogo ipulize taratibu juu ya majani. Mashina yanayotikiswa kidogo huwa manene. Nyaya na soketi ziwe juu ya sakafu, mahali maji hayawezi kutiririkia.

Kuotesha mbegu

Hapa kinachoamua ni joto la udongo, si la hewa ya chumba. Mbegu za pilipili ndefu za kawaida na hoho huota kwa siku 7 hadi 14 udongo ukiwa nyuzi 25 hadi 30. Pilipili mbuzi na ndugu zake wakali huchukua siku 14 hadi 28, na wakati mwingine zaidi, hivyo usizifukue kuangalia. Chini ya nyuzi 20 mbegu hukaa tu kwenye unyevu, na mbegu ikikaa hivyo muda mrefu huoza. Mkeka wa joto wenye kidhibiti ndicho kifaa ambacho ningekinunua baada ya taa.

Loweka mbegu saa 12 hadi 24 kwenye maji ya vuguvugu. Zisie kwa kina cha nusu sentimita hadi moja kwenye mchanganyiko laini usio na mbolea kali: kokopiti (unga wa maganda ya nazi) sehemu mbili, pelaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) sehemu moja. Funika trei ili unyevu usitoroke, lakini siku unapoona mche wa kwanza umejitokeza, ondoa kifuniko na uwashe taa. Wengi hukiacha siku mbili tatu zaidi wakidhani wanaisaidia miche, na hapo ndipo kinyausi huingia. Shina linabanwa pale linapogusa udongo, linakuwa jembamba na la maji, kisha mche unaanguka. Mche ulioanguka hauponi. Kinachozuia ugonjwa huu ni hewa inayotembea, uso wa udongo unaokauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, na trei zilizooshwa vizuri. Mwagilia kutoka chini: weka trei kwenye maji dakika 15, kisha mimina maji yaliyobaki.

Miche ikirefuka haraka huku nafasi kati ya majani ikiwa kubwa, mwanga ni mdogo. Shusha taa au iongezee nguvu. Majani yakijikunja kuelekea juu na ncha zake kupauka, taa iko karibu mno.

Chungu, udongo na chakula

Mche wenye majani halisi mawili hadi manne huhamishwa kwenye chungu cha nusu lita hadi lita moja. Mizizi ikianza kuchungulia kwenye matundu ya chini, upeleke kwenye chungu chake cha mwisho: lita 5 kwa aina fupi, lita 8 hadi 12 kwa aina kubwa. Usiruke hatua ya kati. Mche mdogo kwenye udongo mwingi hauwezi kuunywa ukakauka, na tunarudi kwenye ule uozo wa mizizi niliouanza nao.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni kokopiti asilimia 40, mboji iliyoiva vizuri asilimia 30 na pelaiti asilimia 30. Kokopiti ina tabia ya kushika kalsiamu na kuachia potasiamu na sodiamu, kwa hiyo isipotayarishwa mimea huonyesha njaa ya kalsiamu hata ukiilisha. Ioshe kwa maji mengi, kisha iloweke usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti gramu 1 hadi 2 kwa lita, uichuje. Udongo wa bustani usiuingize ndani. Ndani ya chungu hushikamana na huja na wadudu.

Mboji hiyo hulisha mmea wiki tatu au nne. Baada ya hapo anza mbolea ya maji. Ukiwa na kipimo cha chumvichumvi (EC, kinachosoma kwa milisimensi kwa sentimita), maji ya kulishia miche yasizidi 1.0, ya mimea inayokua yawe 1.2 hadi 1.6, na ya mimea yenye matunda 1.8 hadi 2.2. Asidi ya maji hayo iwe kati ya pH 6.0 na 6.5. Maua yakianza, punguza naitrojeni na uongeze potasiamu. Mmea wenye majani makubwa ya kijani kizito, mzuri wa kupigwa picha, lakini hauna ua hata moja, una naitrojeni nyingi.

Kumwagilia kunapimwa kwa mkono. Inua chungu mara baada ya kumwagilia uujue uzito wake, kisha kiinue kila siku. Kikiwa chepesi na sentimita 2 hadi 3 za juu zimekauka, mwagilia hadi asilimia 10 hadi 20 ya maji itoke chini, na hayo yaliyotoka yamwage. Ratiba ya "kila baada ya siku mbili" haina maana, kwa sababu mmea wa leo si wa wiki ijayo. Majani yaliyolegea juu ya udongo mkavu yanataka maji. Yaliyolegea juu ya udongo mbichi yanataka hewa, na kuyapa maji ni kuyamaliza.

Matawi na maua

Mche ukiwa na majani halisi 6 hadi 8 unaweza kukata kilele chake ili utoe matawi ya pembeni. Kwa aina ndefu hilo linafaa sana chini ya taa, kwa kuwa mwanga hupungua haraka kadiri unavyoshuka. Aina fupi zenye matawi mengi kwa asili ziache. Ua la kwanza, lile linalotokea shina linapogawanyika mara ya kwanza, liondoe. Likishika tunda mapema mmea hupunguza kasi ya kukua.

Ua la mpilipili lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, hivyo mmea mmoja unajitosheleza. Kinachokosekana ndani ni upepo na nyuki. Maua yakifunguka, tikisa matawi kila siku katikati ya saa za mwanga, au pitisha brashi laini ndani ya kila ua. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 70: hewa ikiwa mbichi mno chavua hugandamana, ikiwa kavu mno haishiki.

Maua yakidondoka na kikonyo chake cha njano, angalia joto kabla ya kulaumu mbolea. Mchana uwe nyuzi 22 hadi 28, usiku 18 hadi 20. Mchana ukivuka 32 chavua huharibika. Usiku chini ya 15 au juu ya 24 matunda hayashiki vizuri. Kama mchana kwenu ni wa joto kali, fanya usiku wa nje uwe mchana wa mimea yako: washa taa jioni, zizime asubuhi.

Majani yanaposema kitu

Angalia kwanza ni majani gani. Ya chini yakiwa ya njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, magnesiamu imepungua. Chumvi ya Epsom gramu 1 kwa lita moja ya maji, mara moja kwa wiki, inatosha. Ya chini yakiwa njano yote, ni naitrojeni. Vijipele kama vya mchanga upande wa chini wa majani si wadudu wala mayai, ni mmea uliokunywa maji kuliko unavyoweza kuyapumua. Punguza maji, ongeza feni. Tunda lenye doa jeusi lililodidimia chini lina kuoza kitako: kalsiamu haikulifikia, na mara nyingi sababu ni udongo kukauka kabisa kisha kulowa ghafla, si kwamba kalsiamu haipo.

Majani mapya ya juu yakizaliwa membamba, yaliyosokotwa, magumu na yenye mng'ao upande wa chini, shuku utitiri mpana. Hauonekani kwa macho. Hapa watu hupoteza wiki nzima wakiongeza kalsiamu huku wadudu wakihamia mmea wa pili. Tenga mmea, kata vilele vilivyoharibika, kisha pulizia salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha lebo, hewa ikiwa chini ya nyuzi 30. Usipulizie salfa na mafuta ndani ya wiki mbili; vikikutana huunguza majani.

Vidukari na utitiri mwekundu vinapungua kwa mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji laini mililita 2 kwa lita ya maji ya vuguvugu. Lowesha chini ya majani, taa zikiwa zinazimwa, na urudie kila siku 5 mara tatu, kwa sababu dawa hii haiui mayai yote. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinatoka kwenye udongo usiokauka. Funza wao hula mizizi midogo. Acha uso ukauke na utundike karatasi za njano zenye gundi.

Kuvuna

Pilipili za kawaida huanza kuvunwa siku 60 hadi 90 baada ya kuhamishiwa chungu cha mwisho, pilipili mbuzi 90 hadi 120. Kata kikonyo kwa mkasi. Kuvuta kwa mkono huvunja tawi lenye maua ya duru inayofuata. Kuchuma matunda mapema yakiwa kijani huuhimiza mmea kutoa mengine, ila ladha kamili huja rangi ikishakolea.

Vaa glovu unapopasua aina kali. Ukali uko hasa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, na huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mikono ipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha osha kwa sabuni. Za kukausha zipasue katikati na uziweke kwenye nyuzi 50 hadi 60 mpaka zivunjike zikikunjwa. Ikipinda bila kuvunjika, ndani ya chupa itaota ukungu.

Usiung'oe mmea. Mpilipili huishi miaka kadhaa. Mavuno yakipungua, kata matawi hadi kimo cha sentimita 15 hadi 20 ukiacha vifundo viwili au vitatu kila tawi, utoe mmea kwenye chungu, punguza theluthi ya nje ya mizizi, na uurudishe kwenye udongo mpya. Punguza mwanga hadi mikromoli 200, mwagilia kidogo sana kwa kuwa hauna majani ya kunywea, na usiupe mbolea yoyote mpaka machipukizi yafike urefu wa kidole.