Kutafuta kwa macho: mtu mzima mwenye usonji anawazidi wenzake wapi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa saikolojia. Nimesoma kwamba watu wazima wenye usonji huwashinda wenzao katika majaribio ya kutafuta kitu kwa macho. Je, siri yake ni kumbukumbu? Na je, tuseme basi kwamba wanafaa kazi za ukaguzi?

JIBU: Tuanze na jaribio lenyewe. Mtu hukaa mbele ya skrini na kutakiwa aseme kama herufi X nyekundu imo au haimo katikati ya X za kijani na T nyekundu. Rangi peke yake haimsaidii, umbo nalo vilevile, na kwa hiyo kadiri herufi zinavyoongezeka ndivyo anavyochelewa kujibu.

Mwaka 2004 Michelle O'Riordan alichapisha utafiti uliowahusu watu wazima, na wale wenye usonji walifanya vizuri zaidi katika kutafuta. Jaribio lake la tatu ndilo ninaloliona la thamani kuliko mengine: alipozidisha mfanano kati ya kitu kinachotafutwa na vile vinavyokizunguka, kasi ya kundi linganishi ilishuka zaidi kuliko ya kundi lenye usonji. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba nguvu yao iko katika kupambanua vitu vinavyokaribiana sana kwa sura, na ndiyo maana jaribio likiwa jepesi mno tofauti hiyo inaweza isionekane kabisa.

Kuhusu kumbukumbu, Robert Joseph na wenzake mwaka 2009 waliwapa watoto jaribio ambalo herufi zilihamishwa nafasi kila mara, hata kukumbuka mahali palipokwisha kutazamwa kukawa hakuna faida. Watoto wenye usonji walitangulia vilevile.

Suala la kazi linahitaji tahadhari. Skrini huonekana yote kwa pamoja, ilhali mkaguzi hutembea, hugeuka na kupanga apite wapi kwanza. Elizabeth Pellicano na wenzake, mwaka 2011, waliwaacha watoto watafute wakitembea chumbani, na wenye usonji wakawa na mpangilio hafifu kuliko wenzao. Isitoshe, matokeo haya yote ni wastani wa makundi (jambo ambalo vichwa vya habari hulisahau), na hayamtabirii mtu mmoja mmoja. Mwajiri anayetaka kujua uwezo wa mwombaji ampe sehemu ya kazi yenyewe, katika mwanga na kelele za mahali atakapoifanyia.