Mteremko usiopandika

Nilipotoka hospitali baada ya kuumia uti wa mgongo, nilikabidhiwa vitu vitatu: kiti cha magurudumu, bahasha ya dawa na neno "jikubali". Kiti kilikuwa kipana kuliko mimi. Dawa ziliisha baada ya wiki mbili. Lile neno, mpaka leo sijui lilikuwa la kumezwa mara ngapi kwa siku.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba mwili usiohisi hauombi kugeuzwa. Nilikaa, nikaendelea kukaa, na kabla ya mwezi wa tatu nikapata kidonda cha mgandamizo kilichonilaza kifudifudi kwa wiki kumi na moja. Wageni walikuja, wakasikitika, wakaondoka. Aliyekuja na cha maana alikuwa mzee mmoja, fundi redio, naye yuko kwenye kiti miaka mingi kabla yangu. Hakunipa pole. Alisubiri siku niliporuhusiwa kukaa tena, akaja kunitazama nilivyokaa, akauliza, "Mwanangu, unajiinua mara ngapi?"

Nikamwambia sijamwelewa, mzee wangu.

Akanionyesha. Kila baada ya nusu saa hivi, inama mbele mpaka kifua kikaribie magoti, au egemea upande mmoja kisha wa pili, ukae hivyo kama dakika mbili ili damu ipite. Asubuhi na usiku chukua kioo kidogo ujikague ngozi. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, gusa usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu. Ukikuta alama isiyoondoka, usiikalie mpaka iondoke. Kisha akaubonyeza mto wa kiti changu kwa dole gumba, ukazama hadi chini, akacheka. "Huu ni kitambaa," akasema.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza waanzie wapi, mtoto wao amegundulika ana mtindio wa ubongo, au mume ameanza kupoteza uwezo wa kuona, siwapi orodha ya ofisi. Nawaambia kwanza watafute mtu mwenye hali ileile aliyewatangulia miaka mitano au kumi. Ofisi utaenda, lakini uende ukijua unachokitafuta. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006, haukulisahau hili. Ibara ya 26, inayohusu utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi kujimudu, inataja wenye ulemavu kusaidiana wao kwa wao.

Utampata wapi mtu huyo? Muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana yeye anawajua wagonjwa wake wa zamani ambao leo wanafanya kazi na kulea watoto. Muulize afisa ustawi wa jamii. Nenda kwenye karakana ya viungo bandia ukae kwenye benchi la kusubiri. Mazungumzo ya benchi lile yanafundisha kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kupewa. Mzazi wa mtoto kiziwi afike kwenye shule au chama cha viziwi mapema, mtoto akiwa bado mdogo, kwa sababu lugha ya alama haingoji, na mzazi naye anatakiwa kuijifunza. Nimeona nyumba ambayo mtoto wa miaka tisa hakuwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye mezani.

Kuhusu kiti, niseme kidogo kwa sababu hapo ndipo wengi tunaumia tukidhani tumesaidiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008, na ndani yake kumpatia mtu kiti ni kazi ya hatua nane: kuna kumpima, kumchagulia, kumrekebishia, kumfundisha kukitumia, na kumfuatilia baadaye. Sherehe nyingi za kugawa viti zina hatua moja tu, nayo ni kupiga picha. Ukipewa kiti, kabla hujatabasamu, angalia mambo haya: upana wa kiti ulingane na nyonga zako, miguu ikanyage vizuri pa kuwekea nyayo, mto uwe mto kweli, na uulize kikiharibika nani atakuuzia tairi. Ukiambiwa usichague zawadi, wajibu kwa upole kwamba hata kiatu cha bure hupimwa.

Na picha una haki ya kuikataa. Nilichelewa miaka mitatu kulijua hilo. Kuna kalenda mahali fulani yenye uso wangu na maneno ambayo sikuyasema.

Vyama. Nimekuwa mwanachama wa viwili na kimoja nilijitoa. Kipo chama kinachokuunganisha na bima, mikopo, masomo na mawakili wa kujitolea, na kipo kinachokuita siku ya semina tu ili usaini karatasi ya mahudhurio. Kabla ya kulipa kiingilio, hudhuria kikao kimoja ukiwa mgeni. Tazama kama viongozi wenyewe wana ulemavu au ni watu wanaowasemea. Tazama kama kuna mkalimani wa lugha ya alama hata siku ambayo hakuna mfadhili chumbani. Wanawake wanaongea, au wanapanga viti? Mwenye ulemavu wa akili amekuja na ameulizwa chochote, au ameketishwa pembeni na soda? Halafu omba kuona muhtasari wa kikao kilichopita. Chama kisicho na muhtasari hakina kumbukumbu, na bila kumbukumbu hakiwezi kudai kitu.

Sasa nije kwenye utetezi, ambao wengi wanaudhania ni kubeba mabango.

Kuna ofisi ya huduma za umma niliyokuwa nahitaji kufika kila mwezi. Mlangoni ngazi tatu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nabebwa na walinzi kama gunia, mmoja ameshika mbele, mwingine nyuma, mimi nimeshika hati zangu mdomoni. Siku moja walinzi walikuwa wawili wapya, wakaniangusha. Sikuumia sana, lakini nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kurasa nne yenye machozi, ikieleza utu, heshima, na Mungu alivyotuumba sawa. Haikujibiwa. Nikaandika ya pili, ndefu zaidi. Haikujibiwa.

Ya tatu niliipeleka kwanza kwenye chama. Mwenzetu mmoja asiyeona, karani mstaafu, aliomba asomewe, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu yangu, hapa umeomba nini?" Nikatafuta ndani ya barua yangu mwenyewe. Sikukiona.

Tukaiandika upya, nusu ukurasa. Tarehe na saa ya tukio, mlango upi, nimeangushwaje. Tunaomba mteremko kwenye mlango wa mbele ndani ya siku tisini. Tunaomba kukutana na mhusika tarehe fulani. Saini ishirini na tatu, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hicho kimuhuri ndicho kilichofanya kazi kuliko saini zote, kwa kuwa baada yake hakuna aliyeweza kusema barua haikufika.

Mteremko ukajengwa. Tulifurahi kwa dakika kama kumi, muda wa mimi kufika na kuujaribu. Haukuwa mteremko, ulikuwa ukuta uliolala kidogo. Vijana wawili walinisukuma kwenda juu, na kushuka nilishuka kinyumenyume huku nikisali. Kosa lilikuwa letu pia, maana tuliomba mteremko bila kutaja vipimo. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kwenda juu, sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi zile tatu zilikuwa na kimo cha sentimita 45 kwa jumla, kwa hiyo tulihitaji mita 5.4. Wao walijenga mita mbili.

Barua iliyofuata ilikuwa na mchoro. Na tulipokutana nao hatukwenda watu wa viti peke yetu. Yule karani aliupapasa mteremko kwa fimbo nyeupe yake akasema ukingo hauna kizuizi, yeye ataanguka pale ambapo mimi nitapita. Dada mmoja kiziwi, kupitia mkalimani, aliuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria kwa mwaka wote niliokaa kwenye foleni ile: namba za foleni zinaitwa kwa sauti, yeye atajuaje kama zamu yake imefika? Mkuu wa ofisi alinyamaza, kisha akacheka mwenyewe, na nadhani hapo ndipo tulipompata. Kibao cha namba kiliwekwa ndani ya wiki mbili, kabla hata ya mteremko kuvunjwa na kujengwa tena.

Huwa nikisimulia hili nawakumbusha wenzangu kisa cha San Francisco. Marekani ilikuwa na kifungu cha sheria cha mwaka 1973, kifungu cha 504, kilichokataza ubaguzi wa wenye ulemavu katika huduma zinazopata fedha za serikali kuu, lakini kanuni za kukitekeleza hazikutiwa saini kwa miaka kadhaa. Aprili 5, 1977, zaidi ya watu 100 wakaingia kwenye jengo la serikali wakakataa kutoka, Judith Heumann, mwanaharakati aliyetumia kiti cha magurudumu, akiwa miongoni mwa viongozi wao. Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani waliendelea kuwasiliana na wenzao nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Hebu fikiria: siku ile waliosikia ndio waliokuwa na kizuizi. Kanuni zilisainiwa Aprili 28, nao wakatoka tarehe 30. Walioketi mle walikuwa na ulemavu wa aina tofauti, na bila mchanganyiko ule sioni wangewezaje kukaa majuma yote hayo.

Kuhusu sheria, huhitaji kuwa wakili, ila uwe na ibara chache mfukoni. Mkataba ule wa 2006 ulianza kutumika Mei 3, 2008 na una ibara 50. Mimi natembea na nne. Ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo kupita kiasi kwa mtoaji, ni ubaguzi. Ya 4 inazitaka serikali zitushauri sisi na vyama vyetu zinapotunga sheria na sera zinazotuhusu. Ya 9 ni ya ufikivu, yaani kuweza kufika na kutumia bila kizuizi, na inagusa majengo, usafiri, habari na mawasiliano, siyo ngazi tu. Ya 33 inatupa nafasi kwenye kufuatilia utekelezaji. Kama nchi yako imeridhia, inatakiwa kupeleka taarifa kwenye kamati ya wataalamu 18, na vyama vinaweza kupeleka taarifa yao mbadala. Inasomwa. Waulize viongozi wa chama chako kama waliwahi kuchangia.

Lakini usikimbilie Geneva, kamati ile inakokutana, wakati diwani wako hajakuona. Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, tunaalikwa kila mahali, tunapewa fulana. Vikao vya bajeti hatualikwi, na huko ndiko mteremko unakopatikana au kukosekana. Tafuta kalenda ya bajeti ya serikali yako ya mtaa, uende miezi kadhaa kabla, ukiwa na ombi moja lenye vipimo. Usiende na maombi kumi na mawili, watachagua rahisi kuliko yote na kukushukuru kwa kuja.

Na kama wewe ni wa nyumbani, hutoki, mwili hauruhusu au hakuna wa kukupeleka, usidhani huna nafasi. Katibu wetu bora hajawahi kuhudhuria kikao ana kwa ana. Simu nyingi za Android zina TalkBack na iPhone ina VoiceOver, zote zinamsomea asiyeona kilicho kwenye kioo, na ziko ndani ya simu tayari. Kwenye kompyuta kuna NVDA, programu ya bure inayofanya kazi hiyohiyo, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, Michael Curran. Katibu wetu anatumia hiyo. Barua zetu zote zimepita mikononi mwake, na hana huruma na sentensi ndefu.

Sijazungumzia ulemavu usioonekana, kama kifafa au maradhi ya akili, ambako kuna ugumu wa kwanza wa kuaminiwa kabla hata ya kusaidiwa. Hilo linahitaji mtu aliyelipitia, na nimeshamwomba mmoja aliandike.

Ofisi ile sasa naingia mwenyewe. Choo cha wenye ulemavu kipo, kina alama nzuri mlangoni, na ndani mmehifadhiwa mifagio, ndoo na viti vilivyovunjika. Funguo anayo mtu ambaye kila nikienda ametoka kidogo. Barua imegongwa muhuri jana, nusu ukurasa, na safari hii tumeambatanisha picha ya ndoo.