Mkojo wa rangi ya chungwa na dawa za kifua kikuu

Dada wa Wete, nimekuelewa: mama yupo wiki ya tatu na dawa za kifua kikuu, mkojo umekuwa wa chungwa, nawe unaliogopea ini. Rangi hiyo huletwa na rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, haina neno. Mtazame weupe wa macho, mchana, barazani. Ukiona umanjano, au anatapika na chakula hakitaki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya dozi nyingine, na vidonge vyake mkononi.

Ini ndilo linalozivunja nyingi ya dawa hizo. Seli zake zikiumia, vimeng'enya vya ALT na AST, protini zinazofanya kazi ndani ya seli hizo, huvujia kwenye damu. Ndivyo vinavyopimwa, pamoja na bilirubini, ile rangi inayoleta umanjano. Na mitishamba, tafadhali, asitumie kabla hajamuuliza daktari. Baba yangu tulimwachisha mitishamba.