Mchungaji wa raga aliyeishia uwaziri

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwalimu wetu wa michezo husema siasa isiletwe uwanjani. Juzi nimesikia kwamba Makhenkesi Stofile, aliyekuwa waziri wa michezo wa Afrika Kusini, aliwahi kufungwa na raga ikiwamo ndani ya habari hiyo. Je, alikuwa mtu wa raga kweli au mwanasiasa aliyejificha nyuma ya mpira?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtu wa raga hasa. Aliicheza, akaifundisha pale Chuo Kikuu cha Fort Hare alikokuwa mhadhiri wa theolojia (alikuwa mchungaji, usisahau), kisha akawa kiongozi katika raga ya wale waliokataa ubaguzi. Mwambie mwalimu wako, kwa heshima zote, kwamba siasa ilifika uwanjani kabla ya Stofile kuvaa viatu vya njumu. Rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua ucheze wapi, na nani, na ukae upande gani wa jukwaa.

Mwaka 1985 All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, walikuwa wanafunga mizigo kwenda Afrika Kusini kucheza na Springboks, timu ya taifa ya huko. Mawakili wawili wa New Zealand, wanachama wa klabu za kawaida tu, wakakishtaki chama chao cha raga. Hoja yao hunichekesha hadi leo kwa ujanja wake: katiba yenu inasema kazi yenu ni kuukuza mchezo, na ziara hii itauharibu! Stofile akafunga safari hadi kule kueleza ziara ile ilimaanisha nini kwa weusi wa kwao. Julai, Jaji Maurice Casey akaizuia, ikafutwa.

Wachezaji wengi walikwenda hivyo hivyo mwaka uliofuata, kwa jina la Cavaliers. David Kirk na John Kirwan walikataa, na Kirk ndiye nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia la kwanza, 1987.

Mwaka huohuo Stofile alikuwa kizimbani Ciskei, moja ya maeneo yaliyotengwa kwa weusi na serikali ya ubaguzi. Walimhukumu kwa ugaidi, kifungo cha zaidi ya miaka 10, akatoka 1989.

Baada ya hapo vyeo vikafuatana: kiranja mkuu wa chama tawala cha ANC bungeni, waziri mkuu wa jimbo la Eastern Cape kuanzia 1997, waziri wa michezo 2004 hadi 2010, balozi Ujerumani. Alifariki Agosti 2016. Kule jimboni sitamsifu: mwaka 2002 serikali kuu ilibidi itume watu wake kunusuru idara zilizokwama. Kwenye michezo, moto ulikuwa bado unawaka. Mwaka 2009, ilipovuma kwamba Caster Semenya, mkimbiaji wa kike wa Afrika Kusini, huenda akafungiwa baada ya kupimwa jinsia, waziri huyu alitamka hadharani kwamba itakuwa vita vya tatu vya dunia. Wanadiplomasia walikunja nyuso. Mimi nilimsikia yule yule wa 1985.