Mkataba kwanza, shata baadaye: maswali yenu wapiga picha wa farasi na michezo

Meseji zimejaa tangu mwezi uanze, na nusu yake ni swali moja tu, kwa hivyo naanza na hilo nilimalize.

Sema boss, nianze na kamera gani kupiga michezo? (Nakuru)

Hili nimelijibu mara nyingi sana jamani, someni majibu ya nyuma. Bodi ya kamera iliyotumika inatosha, pesa weka kwa lenzi, ile ya kuvuta mbali na kuingiza mwanga mwingi, 70-200 ya f/2.8 hata kama ni ya zamani, na memori kadi mbili. Kama tayari uko na kamera yoyote hapo nyumbani, nenda uwanja wa mtaa Jumamosi upige mechi nzima nayo kwanza kabla hujaniandikia tena.

Napiga mbio za farasi Ngong Jumapili. Mbona kwa picha zangu farasi anakaa kama amejikwaa, miguu imekunjana, na wenye farasi hawanunui? (Nairobi)

Swali zuri hili, asante. Kamera yako haina shida. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia ya farasi wa tajiri mmoja, Leland Stanford, na picha zikaonyesha kwamba farasi akikimbia kweli kuna wakati kwato zote nne ziko hewani, lakini si wakati amejinyoosha mbele na nyuma vile wachoraji walikuwa wakichora miaka yote, ni wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo. Sasa wewe unabonyeza hapo hapo. Ni picha ya kweli kabisa na hakuna mwenye farasi ataitundika sebuleni.

Fanya hivi, simama kwa reli, ule uzio wa njia ya mbio, mbio moja nzima bila kupiga hata picha moja, usikilize tu. Utasikia kwato zinagonga nne halafu kimya kidogo sana, zinagonga tena, kimya. Kwa hiyo kimya ndio miguu imekusanyika. Farasi akitua na miguu ya nyuma ndio ya mbele inanyooka, na hiyo ndio picha watu wananunua, masikio mbele, jicho linaonekana, mguu umefika mbali. Farasi wa mbio anapiga hatua zaidi ya mbili kwa sekunde kwa hivyo hata ukishikilia kitufe cha shata ikimwaga picha ishirini bado unahitaji sikio. Weka kasi ya shata 1/1600 ya sekunde ama haraka zaidi. Kwa mbio za kuruka viunzi ni rahisi zaidi, kaa mbele kidogo upande, piga akiwa ndio anapita juu ya kiunzi, magoti yamekunjwa.

Na mkiandika maelezo ya picha ya mshindi mnaweka farasi, joki, mkufunzi, mwenye farasi, halafu yule saisi, mtunza farasi, ameshika hatamu hapo katikati ya picha mnamuacha bila jina. Yeye ndiye ameamka saa kumi usiku kumlisha huyo farasi. Muulize jina uliandike. Inanikera sana hii.

Naweza tumia flashi kwa farasi jioni? (Nanyuki)

Hapana. Farasi akishtuka, kuna mtu ameketi juu yake.

Joki akianguka nipige ama niache? (Nairobi)

Piga, ni kazi yako, na wakati mwingine picha yako ndio itasaidia kujua kilitokea nini. Lakini kupiga na kuposti ni vitu viwili tofauti. Kuna siku farasi alianguka mita chache tu kutoka nilipokuwa, nilisikia kofia ya joki ikigonga reli, alafu vumbi, alafu saisi anakimbia huku analia jina la farasi. Nilikuwa na picha kumi na moja. Sikutuma hata moja mpaka nilipohakikisha kwa mkufunzi kwamba nyumbani kwao wameshaambiwa, na mbili sijazitoa mpaka leo. Wakati huo huo kuna vijana walikuwa tayari wameshaposti zao kwa simu na mama wa joki akaona huko. Ukiona wameweka pazia kuzunguka mnyama aliyeumia, shusha kamera, hakuna mjadala hapo.

Shikamoo dada, niko Lamu, nataka kupiga mbio za punda wakati wa Maulidi. Nisimame wapi? (Lamu)

Marahaba. Wewe mwenyeji unajua vile pale ufukweni panajaa. Usisimame ukingo wa maji ukiipa bahari mgongo, watu wakisukuma unaenda na kamera. Tafuta mahali pa juu kidogo, ama kaa chini kabisa mwisho wa mbio na lenzi pana, kwa sababu uhondo wa Lamu ni nyuso za wale wanaoshangilia, punda peke yake haimalizi habari. Punda husimama ghafla ama hugeuka, kwa hivyo usimkaribie kama unavyofanya na farasi aliyefunzwa. Waendeshaji wengine ni watoto, ukitaka kuuza picha ya mtoto tafuta mzazi kwanza mkubaliane. Na kina mama walio milangoni waombe ruhusa, usivizie na lenzi ndefu kutoka mbali. Ukirudi nyumbani futa chumvi kwa kamera usiku huo huo, usingoje asubuhi.

Kampuni ilinilipa nipige siku moja ya polo. Sasa naona picha yangu kwa bango la matangazo. Si ni yangu? (Gilgil)

Pole sana, na hapa nataka kila mtu asome hata kama hapigi farasi. Wengi wenu mnaamini aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ukiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani msipoandikiana, umeuza kila kitu kwa ile hela ya siku moja. Picha uliyojipigia mwenyewe bila kuagizwa na yeyote ni yako, na inalindwa miaka 50.

Mimi nilijua hivi kwa njia mbaya. Nilipiga mashindano wikendi moja, tukapatana kwa simu tu, baadaye picha ikaonekana kwa kalenda, kwa kijitabu, kwa gari za kampuni. Nilipoenda kwa wakili aliniuliza kitu kimoja tu, karatasi iko wapi? Sikuwa nayo. Kwa hivyo tangu siku hiyo siingizi betri kwa kamera kabla sijapata jibu la maandishi, na si lazima iwe mkataba wa kurasa kumi, hata meseji inasaidia kuliko maneno matupu: "Hakimiliki inabaki yangu, mnaweza kutumia kwa mitandao yenu mwaka mmoja, bango na matangazo ni bei nyingine." Wakijibu sawa, hifadhi hilo jibu. Wewe wa Gilgil chimbua meseji zenu zote za wakati huo, kama kuna mahali walisema picha ni za mitandao tu basi uko na pa kuanzia, nenda nazo kwa wakili.

Nimeambiwa nipige bure nitapata jina. (Thika)

Waulize kama anayeleta mahema na anayepika chakula pia wanalipwa jina.

Mteja anasema atanilipa mdhamini akimlipa. Picha nishampa zote. (Mombasa)

Hapo ulikosea kuzitoa zote. Ulipatana na yeye, mambo ya mdhamini ni yake na mdhamini. Kazi ijayo chukua nusu kabla, usiku huo tuma picha ndogo zenye alama yako, faili kubwa zitoke hela ikishaingia M-Pesa. Kwa hii ya sasa mtumie invoisi leo, iwe na tarehe ya mwisho ya kulipa, na ofisi yake iko hapo hapo mjini, nenda na nakala mkononi umpate kabla ya chakula cha mchana.