Spea nafuu za usukani kwa gari la zamani: kipi kipya, kipi mtumba, na namna ya kufunga

Kwenye gari la zamani linaloishi Tanga, kitu cha kwanza kufa upande wa usukani huwa ni raba. Hewa ya chumvi, jua na vumbi la barabara za udongo huipasua ile raba ndogo inayofunika kichwa cha tairodi endi, yaani kiungo cha nje kinachounganisha fimbo ya usukani na tairi. Grisi inatoka, maji yanaingia, na kichwa cha chuma kinachozunguka ndani kinaanza kuota kutu. Kuanzia hapo ni suala la muda tu: endi inacheza, tairi linaliwa upande mmoja, gari linaanza kutangatanga barabarani. Kirikuu inayobeba samaki na barafu hupata haya mapema zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hudondokea chini ya gari kila siku. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo aanze kwa kuangalia raba na kuacha habari ya chapa kwa baadaye. Endi yenye raba nzima inaweza kudumu miaka. Ile iliyopasuka raba imeshakufa hata kama leo haijaanza kugonga.

Kabla ya kwenda dukani, hakikisha unajua kilichoharibika. Magari mengi hubadilishiwa tairodi endi wakati tatizo ni beringi ya tairi au boljointi (kiungo kinachoshikilia tairi kwenye mkono wa chini), na mwenye gari anarudi gereji baada ya wiki na lalamiko lile lile. Inua tairi moja la mbele, lishike kwa mikono miwili kushoto na kulia, ulisukume na kulivuta. Likicheza hapo, tafuta kwenye tairodi endi au raki endi (kiungo cha ndani, kwenye ncha ya stelingi raki, ile fimbo ya meno inayosukuma matairi). Kisha lishike juu na chini. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi. Mahali pa kuweka jeki pana maana hapa. Kwa gari ambalo springi imekaa juu ya mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, kwani tairi likining'inia springi huibana boljointi na kuficha ulegevu wake. Kwa gari lenye shokapu ndefu iliyovaa springi, kama Corolla, inua kwenye chesi tairi lining'inie.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi huruka, nacho ni bora kuliko vyote. Gari likae chini kwenye matairi yake, mtu mmoja ayumbishe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, mwingine alale chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Kiungo kibovu kinagonga kiganjani. Raki endi imejificha ndani ya raba ndefu yenye mikunjo, kwa hiyo minya raba hiyo hadi uguse kichwa chake, ndipo utausikia mgongano. Raba hiyo ikiwa imelowa mafuta kwa ndani, sili za stelingi raki zimekwisha. Hilo ni tatizo jingine, na gharama yake ni nyingine.

Sasa hesabu ya spea. Gari dogo lenye raki, kama Corolla AE110, lina tairodi endi mbili, raki endi mbili na boljointi mbili za chini. Gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, lina endi mbili kwenye tairodi na mbili kwenye dragi linki (fimbo inayotoka kwenye stelingi boksi kwenda upande wa tairi), na si zote zina uzi wa upande mmoja: baadhi ni uzi wa kulia, nyingine wa kushoto. Ukienda dukani kuomba "endi ya Land Cruiser" bila kutaja upande wa uzi, uwezekano wa kurudi mara ya pili ni mkubwa. Beba ya zamani mkononi, au namba yake. Namba za Toyota husaidia sana: tairodi endi za nje huanza na 45046 au 45047, raki endi 45503, boljointi ya chini 43330. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha modeli, na hizo zinapatikana kwa namba ya chesi. Mwaka wa gari hautoshi, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa na matoleo mawili yenye unene tofauti wa uzi.

Kuhusu nafuu, msimamo wetu ni huu. Tairodi endi, raki endi na boljointi zisinunuliwe mtumba hata siku moja. Vitu hivi vinakwisha kwa kusagika, na huwezi kuona kwa macho umebaki unene gani ndani. Vile vile usikubali endi iliyofunguliwa, ikajazwa plastiki ya kuyeyusha au kuchomelewa ili isicheze. Chuma cha kichwa kile kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto wa kipimo, na moto wa kuchomelea huuharibu. Boljointi ya chini ikichomoka, tairi hulala upande na gari halina tena usukani, na kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto hazitoi nafasi ya pili. Stelingi raki nzima, stelingi boksi na pampu ya usukani, hivyo unaweza kununua mtumba bila hofu ukivikagua. Kwa raki, vuta raba nyuma uangalie ile fimbo inayong'aa: ikiwa na madoa ya kutu yaliyochimbika, iache, maana kila usukani unapozungushwa kutu hiyo inakata sili.

Katika mpya, huhitaji kulipa bei ya boksi la Toyota. Kuna watengenezaji wa viungo hivi wanaojulikana miaka mingi, kama 555 ya Japani na CTR ya Korea, na kwa gari la zamani hapo ndipo thamani ya fedha ilipo. Shida ni kwamba jina linalosifika ndilo linaloigwa. Angalia chuma chenyewe kabla ya boksi. Namba na alama ziwe zimegandamizwa kwenye mwili wa spea, si kwenye karatasi tu. Zungusha kichwa kwa mkono: kiwe kigumu kwa kiasi kile kile pande zote, bila kukwama wala kulegea ghafla. Kikizunguka chenyewe kwa kusukuma kidole, rudisha. Minya raba, iwe laini na irudi umbo lake. Uzi uwe safi, usiokwaruza nati inapoingia kwa vidole. Na ukikuta mbili za bei inayokaribiana, moja ina nipo ya grisi (kitundu cha kupigia grisi) na nyingine haina, kwa Tanga chukua yenye nipo. Kupiga grisi mpya kunasukuma nje maji ya chumvi yaliyoingia. Acha raba inapoanza kuvimba kidogo. Ukiendelea unaipasua mwenyewe.

Mwenye Land Cruiser au gari jingine la ekseli nzima ambalo usukani unatetemeka kwa nguvu likipita shimo, asikimbilie kununua shokapu ya usukani. Hiyo inaficha mtetemo tu. Chanzo kiko kwenye endi, kwenye beringi za kingipini (pini ambazo tairi huzungukia likikata kona) au kwenye mizani ya matairi, na shokapu mpya itakufa mapema kama chanzo kimeachwa.

Tukija kwenye kufunga. Usiku wa kuamkia kazi, piga brashi ya waya kwenye nyuzi zote na uzilowanishe kwa mafuta ya kulainisha kutu. Kwa magari ya pwani hatua hii inaokoa nusu ya jasho. Asubuhi weka kabari matairi ya nyuma, legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, na uweke stendi chini ya chesi. Jiwe au tofali si stendi. Tofali hupasuka ghafla.

Anza na lokinati inayobana endi kwenye fimbo. Ilegeze robo mzunguko tu, isogee kidogo iwezekanavyo, kwa sababu itakuwa alama yako. Pima pia kwa tepu kutoka kwenye lokinati hadi katikati ya kichwa cha endi, andika. Chomoa kotapini (pini inayozuia nati isifunguke), legeza nati ya taji (ile yenye mikato juu) lakini iache imeshika nyuzi chache mwishoni, ili kiungo kikiachia kisikurukie. Kama una pula (kifaa cha kuvuta kiungo kitoke), tumia. Kama huna, usigonge ncha ya uzi. Gonga kwa nguvu ubavu wa nakali (chuma kinachobeba tairi), pale tundu linapoizunguka koni ya endi (sehemu yake inayokuwa nyembamba kuelekea kwenye uzi), huku nyundo nyingine nzito ikiegemea upande wa pili. Tundu linatikisika, koni inaachia. Usitumie uma wa kutenganisha kama raba hiyo unataka kuirudisha, kwani uma huichana.

Sasa fungua endi ukihesabu mizunguko hadi itoke. Iweke sambamba na mpya: urefu uwe sawa, unene wa uzi sawa, pembe ya kichwa sawa. Kisha ingiza koni ya mpya kwenye tundu kwa mkono kabla ya kufunga chochote. Ikizama hadi raba inagandamizwa, au ikibaki juu na tundu la kotapini halifiki kwenye mikato ya nati, koni si saizi yake. Irudishe dukani. Wapo wanaoweka washa ili kufidia, na hapo ndipo endi huja kuachia barabarani.

Koni na tundu lake vifutwe vikauke kabisa, bila grisi. Koni hushika kwa kubanana chuma kwa chuma, na grisi hufanya ikazwe kupita kiasi au izunguke. Grisi weka kwenye nyuzi za fimbo, ili mara nyingine zifunguke. Zungusha endi mpya mizunguko ile ile, kaza nati ya taji. Kwa Toyota ndogo kama Corolla ni 49 N·m. Tundu la kotapini lisipokutana na mkato, kaza zaidi hadi lifike mkato unaofuata. Usilegeze kurudi nyuma. Kotapini iwe mpya. Msumari au waya wa kufungia nondo haufai.

Raki endi inahitaji umakini zaidi. Shikilia fimbo ya raki kwa spana unapofungua, vinginevyo nguvu yote inaishia kwenye meno ya ndani. Rudisha washa ya kubana, ukunje kingo zake zishike. Bana raba kwa klipu pande zote mbili. Na kama unashusha raki nzima kwenye gari lenye eabegi, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, la sivyo kebo ya kuzunguka chini ya usukani inakatika.

Hata ukihesabu mizunguko vizuri, mkao wa matairi utakuwa umebadilika. Kwenye uzi unaosogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko, mzunguko mmoja wa endi hubadilisha tofauti ya umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, kwa gari dogo, kwa takribani milimita 6 au 7. Kiasi hicho kinamaliza tairi jipya kwa muda mfupi. Alaimenti ya mashine ndiyo bora, lakini kabla ya kufika huko unaweza kupima mwenyewe. Nyosha usukani, chora alama ya chaki katikati ya kila tairi kwa mbele, kwa urefu wa kitovu cha tairi, upime umbali kati ya alama. Sukuma gari mbele nusu mzunguko hadi alama zile zile zifike nyuma, pima tena. Mbele iwe sawa na nyuma au ndogo kwa milimita 1 hadi 2. Rekebisha pande zote mbili kwa kiasi sawa, usije ukakuta usukani umepinda gari likienda moja kwa moja. Kaza lokinati ukiwa umeishika endi kwa spana ya pili, kichwa kibaki katikati ya mwendo wake.

Tembea polepole mjini kwanza, kisha nenda hadi Muheza na kurudi. Ukifika, gusa lokinati zote kwa spana, angalia kotapini, na upitishe kiganja kwenye kila raba kuona kama grisi imevuja.