Jibu: Coaster haitashuka kreta ya Ngorongoro

Habari mkuu. Umeuliza kama Coaster yenu ya watu 25 kutoka Arusha itashuka kreta na kurudi siku hiyohiyo. Kurudi mtarudi, ila kushuka hapana: njia ya Seneto, ya kushukia kreta, ni ya magari ya 4x4 tu, ni mteremko wa kama mita 600 hadi chini. Sisi tuliacha basi Karatu, mji ulio kabla ya geti la hifadhi, tukapanda magari ya kukodi. Kwa hiyo muulize mwandaaji kwanza: hela mliyochanga inajumuisha na hayo magari? Mwandaaji wetu alilitaja suala hilo tukiwa tumeshafika, palikuwa hapakaliki! Ondokeni saa 11 alfajiri. Na masweta msiache, ukingoni kuna ukungu na baridi kali. Mkifika bondeni mtayavua wenyewe.